Namna ya Kupima Gobori Kuukuu: Thamani Yake na Hatari Zake

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wananchi, Themi, Arusha)



Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulinong'ona wala hawalisemi waziwazi, nalo ni gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Wengine huliita gobore na wengine gobole, lakini kitu ni kile kile. Mara nyingi tumeulizwa, "Je, gobori hili la marehemu babu lina thamani gani?" Au mtu huja akasema, "Nimeletewa gobori kuukuu niuziwe. Nitajuaje kama ni zuri?" Maswali haya ni ya haki, na yafaa kujibiwa kwa utaratibu, kwa maana asiyejua hupoteza fedha yake, na pengine hupoteza macho yake au roho yake.

Kwanza yatupasa kujua magobori yalifikaje huku. Hapo kale watu wa pwani walikuwa na bunduki za mrao, ambazo ziliwashwa kwa utambi wa moto. Baadaye zikaja za gumegume, ambazo hutoa cheche kwa jiwe. Mwaka 1807 padre mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, alipata hati ya serikali ya Uingereza kwa uvumbuzi wake wa kuwasha baruti kwa unga unaolipuka ukigongwa, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana fataki. Katika miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kuacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kuchukua za kujazwa nyuma. Bunduki zile za zamani hazikutupwa. Ziliuzwa kwa bei rahisi, na nyingi zikaletwa Unguja, kisha zikapanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Mirambo wa Unyamwezi, aliyekufa mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa askari wake, ruga-ruga, wenye bunduki za namna hii. Katika nchi ya Uchagga, jirani zetu, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho nao walizipata kwa wafanya biashara wa pwani.

Kisha ulikuja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Mataifa ya Ulaya yalipatana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zisizo na mistari ndani, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachwa ziuzwe kwa masharti. Ndiyo sababu bunduki za kale zilidumu kwetu muda mrefu baada ya kusahauliwa kwao. Na zilipokuwa hazipatikani tena, mafundi wetu wahunzi walizitengeneza wenyewe, wakitumia mabomba ya maji na vyuma vya magari. Kwa hiyo gobori utakaloonyeshwa leo laweza kuwa la namna tatu: la kale kweli kweli, lililotoka Ulaya, au la mhunzi wa kijijini, au mwigo wa kisasa, uliotengenezwa kiwandani kwa kufuata mfano wa zamani. Miigo hiyo ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950, hasa katika bonde la Val Trompia huko Italia, kwa kuwa watu wa Marekani na Ulaya walipenda kupiga shabaha kwa bunduki kama zile za babu zao.

Kabla ya kuendelea twataka kuwaeleza habari moja tuliyoiona kwa macho yetu, kwa maana mfano hufundisha kuliko maneno mengi. Ndugu wawili walifiwa na baba yao. Darini mwa nyumba, juu ya jiko, walikuta gobori limefungwa kwa gunia, pamoja na pembe ya baruti. Haukupita muda akatokea mtu asiyejulikana, akawaambia kwamba bunduki ile ni ya askari wa Kijerumani, na kwamba ndani ya vyuma vyake mna zebaki nyekundu yenye thamani kuu. Akawaahidi fedha nyingi sana, ila kwanza watoe fedha kidogo ya "kuipima". Mkubwa alitaka kukubali. Mdogo alikataa, akasema kitu cha baba hakiuzwi. Wakagombana hata wakaacha kusalimiana. Mwisho mama yao akatuita sisi, tukaenda. Tuliyoyaona tutayasema kila tukifika mahali pake.

Jambo la kwanza katika kupima gobori si bei, wala si uzuri. Jambo la kwanza ni kujua kama limeshindiliwa. Bunduki ya kisasa hufunguliwa ukaona risasi, lakini gobori halifunguki. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haipotezi nguvu zake. Yaweza kukaa ndani ya kasiba miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa hiyo lichukulieni kila gobori kuwa limeshindiliwa mpaka ithibitike kuwa ni tupu. Msiinue nyundo yake, msivute kifyatuo, msilielekeze kwa mtu, wala msiwaachie watoto walichezee. Tazameni kifa, yaani kile kichuchu cha chuma ambacho fataki huvikwa juu yake. Ikiwa fataki ipo, acheni hapo hapo, msiguse tena, mkawaite polisi.

Ikiwa fataki haipo, mtu anayejua kazi hiyo huchukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, akasimama kando ya mdomo wa kasiba, si mbele yake, akautumbukiza polepole mpaka ukome. Hutia alama kwa chaki pale mdomoni, akautoa, akaulaza nje juu ya kasiba. Ncha ya mdeki yapasa kufika karibu na kifa. Ikiwa inakoma mapema, kwa upungufu wa vidole vinne au zaidi, basi ndani mna kitu, na kitu hicho huenda ni baruti na risasi. Tulipofanya hivyo nyumbani kwa wale ndugu, mdeki ulipungua karibu shibiri nzima. Gobori lile lilikuwa limeshindiliwa miaka yote, juu ya jiko, na watoto walilala chini yake. Wale ndugu walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hawakuwa na la kubishania. Tuliliacha pale pale, watu wakatolewa nje, na polisi wakaitwa. Gobori la namna hiyo msilichokoe, msilipashe moto, msivute sigara karibu nalo. Ni kazi ya wajuzi.

Jambo la pili ni kasiba yenyewe, baada ya kuwa imethibitika kuwa tupu. Kasiba ndiyo roho ya bunduki. Mti hubadilishwa, mtambo hutengenezwa, bali kasiba mbovu haiponi. Pitisheni vidole nje toka mwanzo hata mwisho. Mkiona mahali pamevimba kama pete, jueni kwamba zamani mtu aliipiga hali risasi haikukaa vizuri juu ya baruti, na nguvu ya moto ikatanua chuma. Bunduki hiyo imekwisha kazi. Kisha mulikeni ndani kwa taa. Kutu nyepesi ya juu juu si neno. Vishimo vilivyokula chuma ndivyo vibaya, hasa sehemu ya nyuma ambako baruti huwaka. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu wa hewa, na nchi yetu hii, chini ya Mlima Meru, penye mto Themi na ukungu wa asubuhi wakati wa masika, ni nchi ya unyevu. Bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta baada ya kupigwa huanza kuliwa mara moja.

Tazameni tena kizibo cha nyuma ya kasiba. Je, kimekazwa kwa parafujo imara, ama kimeunganishwa kwa moto kama mguu wa kitanda? Je, pana weusi wa moshi uliovuja pembeni? Pakivuja moshi, siku moja patavuja moto, na moto huo utaelekea usoni mwa mpigaji. Na mkiona ndani ya kasiba mshono mrefu ulionyooka toka mwanzo mpaka mwisho, basi hiyo huenda si kasiba, bali ni bomba la maji. Bomba lilifanywa lichukue maji, halikufanywa lichukue mlipuko.

Jambo la tatu ni kifa na mtambo. Tundu la kifa hupanuka kwa kutumiwa sana, na likipanuka mno, moto hurudi nyuma na kuisukuma nyundo. Nyundo ya bunduki nzuri ina vituo viwili: nusu na kamili. Ikiwekwa katika nusu, hata mtu akivuta kifyatuo haipasi kuanguka. Ikianguka, bunduki hiyo itamwua mwenyewe au rafiki yake njiani, kwa maana nusu ndiyo salama ya kutembelea. Tena nyundo ikae sawa juu ya kifa, si kando.

Jambo la nne ni mti na kitako. Mahali pembamba, shingoni, nyuma ya mtambo, ndipo huvunjika. Waya uliozungushwa hapo, au ngozi iliyoshonwa ikiwa mbichi ikakaukia, mara nyingi huficha ufa. Kwa mtu anayetaka kitu cha kumbukumbu, matengenezo hayo ya zamani si aibu. Yaonyesha maisha ya kitu na werevu wa fundi. Kwa mtu anayetaka kupiga, ni sababu ya kukataa.

Jambo la tano ni alama, na hapa ndipo walaghai hupatia riziki. Bunduki nyingi za Uingereza za zamani zina neno TOWER na taji juu ya bamba la mtambo. Nyumba ya kujaribia bunduki ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, ilipiga juu ya kasiba mihuri ya taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana. Zile za Liège, katika Ubelgiji, zina herufi ELG ndani ya duara mfano wa yai. Miigo ya Italia ina nyota juu ya herufi PN, yaani imejaribiwa kwa baruti nyeusi, pamoja na kisanduku kidogo chenye alama ya mwaka iliyotengenezwa. Mara nyingi ina namba pia, na jina la nchi au la kiwanda. Mlaghai hufuta alama hizo kwa tupa, akakisugua chuma kwa tindikali kipate kutu, akauza kitu cha miaka 40 kama kitu cha miaka 150. Mtamtambuaje? Kutu yake ni sawa sawa mahali pote, hata pale ambapo mkono hushika, ambapo kwa kawaida chuma hung'aa. Tena mahali palipofutwa pameingia ndani kidogo, na vichwa vya parafujo ni vipya na vimefanana kama watoto pacha.

Lakini msidhani kwamba mwigo ni kitu kibaya kwa sababu ni mwigo. Kama kazi ni kupiga shabaha mahali sheria iruhusupo, mwigo mzuri wa kiwandani ulio na mihuri ya majaribio ni salama kuliko gobori la kale, kwa maana chuma chake ni cha kisasa na umejaribiwa. Ubaya si mwigo. Ubaya ni kuuita mwigo kitu cha kale na kuutoza bei ya kale. Na katika mwigo uliokwisha tumiwa, tazameni ndani kwanza. Bunduki za mfano wa Enfield wa mwaka 1853, zenye tundu la .577 ya inchi, zina mistari mitatu ndani. Ikiwa mistari imeliwa na kutu hata haionekani, bei na ishuke sana, hata kama nje yang'aa kama fedha. Mwuzaji husugua nje. Mnunuzi mwenye akili hutazama ndani.

Na ile habari ya Mjerumani? Twapenda ijulikane na wote. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walichukua hasa bunduki za Mauser za mfano wa mwaka 1871, zilizojazwa nyuma kwa risasi za ganda la shaba, ijapokuwa baruti yake ilikuwa nyeusi na yenye moshi mwingi. Hawakupewa magobori. Basi mtu akikuletea gobori akasema ni la askari wa Kijerumani aliyekuwa katika Boma la Arusha, ama hajui, ama anadanganya. Na juu ya zebaki nyekundu, kitu hicho hakimo katika gobori lo lote, wala hakuna aliyekithibitisha popote. Ni jina la wizi tu. Nyumbani kwa wale ndugu mambo yalidhihirika hivi: baada ya polisi kulifanya gobori kuwa salama, bamba la mtambo lilionekana kuwa la kale kweli, lenye neno TOWER na taji, lakini kasiba ilikuwa bomba lenye mshono. Mhunzi fulani aliuoa mtambo wa zamani kwa bomba jipya. Yule mnunuzi hakuonekana tena.

Sasa twaja kwenye bei. Thamani ya gobori ni ya namna tatu, na haifai kuzichanganya. Iko thamani ya kazi, nayo hutoka katika kasiba na mtambo. Iko thamani ya ukale, nayo hutoka katika alama, umbo lisilobadilishwa, na habari za kweli za waliolimiliki. Kwa hiyo msikisugue kitu cha kale kwa msasa wala kukipaka rangi. Mtu asuguaye ukale hufuta fedha yake mwenyewe. Andikeni habari zake: nani alilipata, wapi, mwaka gani. Karatasi hiyo yaweza kuwa na maana kuliko chuma. Na iko thamani ya jamaa, ambayo haiuzwi wala hainunuliwi.

Lakini juu ya zote tatu ipo sheria. Gobori ni silaha mbele ya sheria, hata likiwa kuukuu. Katika Tanzania mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Baba akifa, leseni yake haimrithishi mwana. Anayetaka kununua, kuuza ama kurithi, aanze kwa serikali ya mtaa wake na kituo cha polisi kabla ya kupeana fedha. Gobori lisilo na karatasi za haki halina bei; lina hasara tu. Na kitu cha kale hakitolewi nje ya nchi bila ruhusa, kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuwinda nako ni kwa kibali. Mlio karibu na Hifadhi ya Arusha mwajua ni wangapi waliofungwa kwa ajili ya nyama ya siku moja.

Iko njia ya heshima kwa aliyekuta silaha ya marehemu. Serikali imetangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha, watu wasalimishe silaha pasipo kushitakiwa, na Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha wa namna hiyo. Kama gobori ni la kale na lina historia, semeni hivyo mnapolikabidhi, ili watu wa makumbusho waitwe walitazame. Msilifiche. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua.

Neno la mwisho ni kwa vijana. Kamwe msitie ndani ya gobori baruti iliyotolewa katika risasi ya kisasa, wala unga wa vichwa vya viberiti. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, wapata sehemu 75, 15 na 10 katika 100, na kasiba za kale zilifanywa kwa nguvu ya mchanganyiko huo. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina shinikizo kubwa zaidi, nayo hupasua kasiba mikononi mwa mpigaji. Walimu, twawaomba mlifundishe neno hili shuleni.

Mwataka kujua mwisho wa wale ndugu? Gobori lilibaki polisi. Fedha hawakupata, na fedha hawakupoteza. Ile pembe ya baruti, ilipokwisha mwagwa na kuoshwa, walirudishiwa. Yule mkubwa, ambaye alitaka kuuza, ndiye aliyeiomba aitundike ukutani kwake, na yule mdogo akamwachia. Mama yao alituambia kwamba sasa wanasalimiana. Nasi twaona hiyo ndiyo thamani kubwa kuliko zote tulizozipima siku ile.

Basi, mabibi na mabwana, msikubali kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Fungueni gunia, tazameni, ulizeni, na kabla ya yote hakikisheni kwamba kasiba ni tupu.